Chungwa la Kijani

Machungwa ya Muheza yakiiva hayabadiliki rangi. Hubaki kijani, pengine na baka la manjano upande uliopigwa sana na jua, na ukimenya unakuta yamejaa maji na utamu. Mtu aliyekulia Tanga hahitaji kuambiwa hilo. Hata mimi nilijua. Lakini siku ya kwanza nilipoweka machungwa matatu kwenye sahani ya bati, nikakaa mbele yake na rangi za mafuta, nilichora machungwa matatu yenye rangi ya chungwa, yale ya kwenye pakiti za juisi. Kazi ilinichukua siku mbili. Matunda yalikuwa palepale, ningenyoosha mkono ningeyashika, na sikuyaona.

Aliyenizindua ni mtoto wa jirani, wa darasa la pili, aliyetumwa kuomba chumvi. Alisimama mlangoni, akatazama sahani, akatazama picha, akarudi tena kwenye sahani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

"Haya ya kwenye picha umeyanunua wapi?"

Nilimpa chumvi yake akaenda. Jioni ile nilikwangua picha nzima kwa kisu, nikaanza upya. Imepita miaka kumi na minane sasa, na swali lile bado linanifuata kila ninapokaa mbele ya meza.

Mimi nilitoka kwenye mabango. Kabla ya tyubu na paleti nilikuwa nachora kuta za hoteli za Ngamiani, hapa mjini Tanga: chai na chapati, supu ya pweza, wali na maharage, nimechora vichwa vya wateja wa saluni, matairi ya mafundi baiskeli, bilauri za juisi. Fundi aliyenifunza alikuwa na kanuni moja: bango lisomwe na mtu aliye ndani ya daladala inayokwenda. Kwa hiyo chungwa ni duara, rangi ya chungwa, jani moja juu, alama nyeupe ya mng'ao upande wa kushoto. Samaki ana jicho la duara na magamba kama vigae. Ukishayajua hayo unaweza kuchora chungwa gizani. Ni kazi ya heshima, ilinilisha na bado hunilisha miezi mibaya, na mkono wangu ulipata uthabiti kule. Ila ilinizoesha kuchora kitu nikiwa nimekipa mgongo.

Halafu kuna suala la rangi yenyewe. Hapa kwetu ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukaomba rangi ya mafuta, unapewa kopo la rangi ya kung'aa ya milango na mageti. Ndiyo niliyoijua. Na ndiyo ya jamii ile aliyoitumia Edward Saidi Tingatinga kule Dar es Salaam alipoanza kuchora mwaka 1968: rangi za kung'aa zilizoitwa za baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Rangi ile hukauka upesi. Huwezi kuirudia baada ya saa chache ukaichanganya na jirani yake, itavutika na kukunjamana. Basi unaweka eneo pana la rangi moja, unasubiri, unaweka mstari safi juu yake, unasubiri, unaweka nukta. Mimi naamini nusu ya uzuri wa Tingatinga umetoka ndani ya kopo lile. Alijua rangi yake inataka nini, akaipa.

Rangi za tyubu zinataka kitu kingine kabisa. Nilizipata kwa bahati: mgeni mmoja aliyekuwa anahama Raskazone aliniachia kasha la mbao lenye tyubu kumi na moja zilizotumika nusunusu, chupa ya mafuta ya kitani na brashi tano za manyoya ya nguruwe. (Bibi yangu alipoambiwa brashi zimetengenezwa kwa nini hakutaka ziingie jikoni kwake, na hazikuingia.) Nilichora, nikaacha picha usiku kucha, asubuhi nikaigusa ikashika kidole. Siku ya tatu ikashika kidole. Baada ya wiki, rangi nyeupe ilikuwa bado laini kama samli. Nikasema rangi zimepita muda wake, mgeni wa watu kaniachia takataka.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba mafuta ya kitani hayakauki kama nguo kambani. Hakuna maji yanayotoka. Mafuta yanavuta oksijeni ya hewani, yanashikana taratibu, na yanageuka ngozi ngumu. Kila rangi ina mwendo wake. Amba, ile kahawia ya udongo, ina madini ya manganizi ndani yake na hiyo huharakisha. Kwa joto la Tanga siku mbili zinatosha. Nyeusi ya mifupa inaweza kukaa wiki. Ndipo nikafahamu kwa nini mafundi wa zamani walianza picha kwa kahawia nyembamba, iliyolainishwa kwa tapentaini, na kuacha rangi zenye mafuta mengi ziwe za mwisho juu. Ukigeuza mpangilio huo, ngozi ya juu hukauka kabla ya ile ya chini, na ya chini inapoendelea kujikunja, ya juu inapasuka. Ninayo picha moja ya kikapu cha ndimu iliyopasuka vile, mistari kama matope ya bwawa lililokauka. Nimeitundika juu ya mlango niione nikitoka.

Mtu akishakubali ucheleweshaji ule, anapewa kitu ambacho rangi ya kopo haiwezi kumpa. Anapewa siku nzima ya kubadilisha mawazo.

Nirudi kwenye lile chungwa, maana pale ndipo nilipojifunza. Nilipokwangua picha ya kwanza nilijiwekea sharti la kutotumia neno "kijani". Nilikaa na kuuliza sehemu moja moja: hapa, penye ukubwa wa ukucha, pana nini? Upande wa dirisha palikuwa na manjano iliyopauka, buluu kidogo sana na nyeupe. Nikishuka, manjano ikapungua, buluu ikazidi. Kivulini kijani kilikufa kabisa. Nilichoona ni rangi ya tope, na ilibidi niweke nyekundu kidogo ndani ya kijani kuipata. Halafu pale chini, karibu na sahani, kivuli hakikuendelea kuwa cheusi kama nilivyotegemea. Kulikuwa na ukingo mwembamba wa kijivu cha kibuluu: bati la sahani lilikuwa linarudisha mwanga wa dirisha juu, ukapiga tumbo la chungwa. Na bati nalo lilikuwa limepata ukijani kutoka kwa chungwa. Vilikuwa vinakopeshana.

Vile vitundu vya ngozi ya chungwa navyo vilinifundisha. Kwenye mabango tulivitia kila mahali kwa nukta. Nikaangalia: upande wenye mwanga havionekani, mwanga umevijaza. Kivulini havionekani. Vinaonekana kwenye mpaka tu, kile kipande chembamba ambapo mwanga unapita ukilalia, kila kitundu kina ukingo mmoja mweupe na mmoja mweusi. Niliweka nukta labda thelathini kwenye mpaka ule, na chungwa zima likapata ngozi. Nilisimama nikatembea hadi uani nikarudi kuhakikisha.

Waholanzi na Waingereza huita picha za namna hii maisha yaliyotulia. Wafaransa husema asili iliyokufa. Sisi hatuna jina lililozoeleka, na mimi husema picha za mezani, kwa sababu unapanga vitu mezani, unakaa, unachora. Majina yale ya wenzetu yalinidanganya mwanzoni. Nilidhani nitakuwa na vitu visivyokwenda popote. Kumbe mwanga unakwenda, embe linaiva, mkate wa boflo unasinyaa, ua la mrujuani linafungua na kufunga, na dele la shaba, kitu kigumu kuliko vyote, linabadilika kila mtu anapopita nyuma yangu na shati la rangi nyingine.

Mwanga ndio ulionitesa zaidi, kwa sababu ya ushauri nilioufuata bila kuupima. Vitabu vyote nilivyopata viliandikwa na watu wa Ulaya, na vyote vilisema chora kwenye dirisha linalotazama kaskazini, huko jua haliingii. Nikatoboa dirisha la kaskazini. Nilitumia fedha ya mabango ya miezi miwili. Novemba na Desemba kazi ilikwenda vizuri ajabu. Ilipofika Mei jua liliingia dirishani na kukaa juu ya meza yangu kama mgeni asiyetaka kuaga. Vivuli vilikatika vikali, vikahama kila dakika kumi.

Kosa halikuwa la vitabu. Kule kwao jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Tanga iko kusini ya ikweta kwa digrii tano hivi, kwa hiyo tangu Machi hadi mapema Oktoba jua la mchana linapita kaskazini yetu, na miezi iliyobaki linapita kusini. Jirani yangu mvuvi alinisikiliza nikieleza kwa mchoro, akasema, "Sasa wewe ulitaka nini? Kaskazi ikivuma jua liko kusini, kusi ikivuma jua liko kaskazini. Kaa upande unaotoka upepo." Alikuwa sahihi kabisa, na alilijua tangu utotoni. Tangu siku ile nina madirisha mawili na meza mbili. Msimu wa kaskazi nachora dirisha la kaskazini, msimu wa kusi nahamia la kusini. Kasoro yake ni kwamba upepo unaingia na vumbi, na vumbi linapenda rangi mbichi. Natundika kanga kuukuu iliyoloweshwa maji dirishani, upande wa chini, nao mwanga naupata juu. Vitu mezani navizungushia alama za chaki, vivuli navyo navichora chaki, na nachora kuanzia saa mbili na nusu hadi saa nne. Saa nne ikifika naweka brashi chini hata kama roho inauma.

Samaki ndio walionifundisha haraka. Kuna msemo kwamba fulani amelala kama pono. Mimi nilimchagua pono kwa ajili ya rangi zake: buluu ya kijani mwilini, mistari ya waridi mdomoni na kwenye mapezi. Nilimnunua alfajiri kule Deep Sea, bado anateleza, nikamlaza juu ya jani la mgomba. Nikaanza kuchanganya rangi kwa utulivu kama nilivyozoea kwa machungwa. Nilipoinua macho, ile buluu ilikuwa inaondoka. Sikuona ikiondoka, kila nikitazama ilikuwepo, ila pungufu. Jicho lilikuwa na weusi wenye kina, likaanza kupata utando. Baada ya saa moja na nusu mbele yangu alikuwepo samaki wa kijivu.

Mara ya pili nilichanganya rangi jioni, bila samaki, nikazifunika kwa karatasi ya nailoni. Asubuhi pono alipofika niliweka kwanza madoa ya rangi tu, bila umbo: hapa buluu ya shavu, hapa waridi la mdomo, hapa ule mng'ao wa jicho. Dakika arobaini. Umbo nilikuwa na haki ya kulitafuta baadaye, kwa sababu umbo la samaki haliondoki haraka. Rangi ndiyo inayoaga. Mchana mama alimpaka nazi tukamla, nami nikaendelea kuchora jani la mgomba peke yake na nafasi ya samaki katikati.

Kwenye kitabu nimewahi kuona picha ya taa, yule samaki bapa, iliyochorwa na Mfaransa Jean Siméon Chardin miaka ya 1720. Samaki amepasuliwa tumbo, ananing'inia kwenye ndoano, ngozi ndani ni nyekundu na lulu, na pembeni yuko paka amepandisha mgongo, miguu juu ya chaza. Nimeitazama sana. Naangalia ule unyevu wa nyama na najiuliza asubuhi yake ilikuwa na dakika ngapi. Mwingine ninayempenda ni Giorgio Morandi wa Bologna, aliyefariki mwaka 1964. Yeye alichora chupa na makopo yaleyale miaka na miaka, akayaacha yashike vumbi, na vumbi nalo akalichora. Sijaona kazi ya hata mmoja wao kwa macho yangu. Lakini nikiwa peke yangu mezani, hao ndio ninaokaa nao.

Yapo makosa ambayo hayana uzuri wowote na lazima niyaseme, kwa sababu kijana anayeanza leo peke yake atayarudia.

La kwanza ni kitambaa. Kitani cha kuchorea sikukipata, na hadi leo natumia marekani, kitambaa cha pamba ambacho jina lake limetoka kwa meli za Wamarekani wa Salem zilizokuwa zikikileta Zanzibar karne ya 19. Ni kitambaa kizuri, kina nguvu, kinapatikana. Nilikivuta kwenye fremu, nikakipaka rangi moja kwa moja. Picha yangu ya kwanza kuuzwa, dele na vikombe vitatu vya kahawa, ilinunuliwa na muuguzi mmoja wa Chumbageni. Miaka minne baadaye alinirudishia. Hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni, ndiyo iliyoniumiza. Kitambaa kilikuwa kimekauka kama jani la mwembe. Nilipobonyeza pembeni ya fremu kilipasuka kwa sauti. Mafuta ya kitani yakiingia kwenye nyuzi tupu yanazichoma polepole. Siku hizi nakipaka kwanza gundi nyembamba mara mbili, kila upande, kisha geso, ile rangi nyeupe ya kuandalia kitambaa, mara tatu, kila mara napitisha msasa laini, ndipo rangi inakaa juu bila kugusa uzi. Inachukua siku nne. Yule dada nilimchorea nyingine, na dele lilikuwa zuri zaidi.

La pili lingeweza kuniua. Nilikuwa nafutia brashi kwa vipande vya fulana, navitupa kwenye ndoo ya plastiki pembeni. Mchana mmoja wa Februari nilirudi kutoka msikitini nikasikia harufu kama ya maandazi yanayoungua. Nikatafuta jikoni, hapana. Ndoo ilikuwa inafuka. Nilipogusa rundo lile lilikuwa moto ndani, na lilikuwa limeanza kuwa jeusi katikati. Hakuna aliyewasha kiberiti. Ni yaleyale mafuta ya kitani: yanapovuta oksijeni yanatoa joto, na yakirundikwa joto halina pa kutokea. Nilimimina ndoo ya maji, nikakaa chini uani nikitetemeka. Ndani mlikuwa na bibi amelala. Vitambaa vyangu sasa navitandaza kambani kimoja kimoja mpaka vikauke vigumu, au navizamisha ndani ya kopo la maji lenye mfuniko. Nikienda kwa mchoraji yeyote, macho yangu yanatafuta kwanza ndoo yake ya vitambaa.

Kuna moja ambalo nilidhani ni kosa, halikuwa. Niliifunga picha ya mayai ndani ya kanga nikaiweka uvunguni miezi minane. Nilipoitoa, nyeupe yote ilikuwa imekuwa manjano. Nikaiegemeza dirishani kwa kukata tamaa, na wiki chache baadaye weupe ulikuwa umerudi karibu wote. Mafuta yakikaa gizani hupata umanjano, mwanga unauondoa. Picha siziweki tena gizani.

Watu huniuliza kwa nini nachora vyombo wakati watalii wanataka tembo na Wamasai. Ni kweli wanataka. Lakini nyumba nyingi za Waswahili hapa hazitundiki picha yenye uso. Bibi hakuwahi kukubali picha ya mtu wala mnyama ukutani; alisema malaika hawaingii. Nilipomletea picha ya birika, kawa na kikombe, aliishika mbali na macho, akaikaribisha, akasema, "Hii haina roho, itundike." Ilikaa sebuleni kwake hadi alipofariki. Wateja wangu wazuri zaidi wako katika nyumba hizo. Wananunua kinu, kandili, sahani ya tende. Mzee mmoja alinunua dele kwa sababu baba yake alikuwa muuza kahawa, akaniomba nimwongezee mkaa chini yake, unaowaka kidogo tu, wa saa kumi na moja jioni. Alijua hasa wekundu aliotaka. Nilifanya mara tatu mpaka akaridhika.

Bibi alipofariki nilirithi mbuzi yake ya kukunia nazi. Niliichora mwaka huohuo, nikiwa na majonzi, kwa wiki tano. Kiti cha mbao kimelainika kwa kukaliwa mpaka kinang'aa kama ngozi. Nilikipaka kwa tabaka nyembamba za kahawia na nyekundu, moja juu ya nyingine, hadi mwanga ukaonekana unatoka ndani. Pembeni niliweka kifuu na machicha kidogo. Nilijua nimefanya kazi nzuri. Nikamwita shangazi, binti mkubwa wa bibi, aje aone.

Aliitazama muda mrefu. Akaketi. Akasema, "Nzuri, mwanangu. Lakini hii si ya mama."

"Ndiyo yenyewe shangazi, hii hapa."

"Ya mama ina jino limevunjika. Huku kushoto, la pili kutoka pembeni. Nililivunja mimi nikiwa mdogo, nikichezea jiwe. Alinichapa."

Nilichukua mbuzi nikaisogeza dirishani. Jino la pili kutoka kushoto lilikuwa limekatika nusu, na palipokatika chuma kilikuwa kimeliwa na kutu hadi kulainika. Nilikuwa nimekaa na chuma kile wiki tano. Nilikuwa nimechora meno yote mazima, yamepangana sawasawa, kama fundi wangu wa mabango alivyonifunza, kwa sababu mkono wangu unajua mbuzi ya nazi ina meno.

Shangazi aliniona nilivyonyamaza, akafikiri nimeudhika. Akasema ni kitu kidogo, hakuna atakayejua. Nikamwambia wewe umejua. Rangi ya pale ilikuwa bado haijakauka vizuri. Nililiondoa jino kwa ncha ya kisu, nikalichora upya lilivyo, na kutu yake. Ilichukua labda robo saa. Alibaki amesimama nyuma yangu muda wote ule, na nilipomaliza aliinama akaweka kidole karibu kabisa na jino, bila kugusa. Picha iko kwake.

Mwaka huu ninachora majina ya rangi. Wazo lilinijia nikiwa nafundisha vijana wawili wa mtaani wanaokuja Jumamosi. Niliwataka waniambie rangi za Kiswahili, na walipozitaja nikasikia kitu nilichokuwa nakisema tangu kuzaliwa bila kukisikia: karibu zote ni vitu. Chungwa. Zambarau. Manjano. Kahawia ni kahawa. Kijani ni jani. Kijivu ni jivu. Lugha yetu ilishapanga meza kabla yangu. Basi nikapanga: chungwa la Muheza, zambarau saba, kipande kibichi cha manjano ya kupikia, kiganja cha kahawa iliyokaangwa, jani la mwembe, na majivu kwenye kifuu. Yote juu ya sahani nyeupe.

Hakuna kilichokubali jina lake. Zambarau ni nyeusi, na juu yake kuna ukungu mwepesi kama pumzi kwenye kioo, wa kijivu. Zambarau yenyewe niliipata pale moja ilipopasuka na kuvuja sahanini. Kahawa iliyokaangwa inang'aa nyeusi, na ukahawia wake umejificha kwenye ule mfereji wa katikati, penye ganda jembamba. Majivu ya mkaa wa jikoni yana waridi ndani yake, hafifu sana, nimethibitisha asubuhi tatu. Jani la mwembe, changa, ni jekundu kama shaba. Chungwa mnalijua.

Na manjano kwa nje ni kahawia chafu, yenye pete na vinyuzi. Nilikata ncha yake kwa kisu cha jikoni ili nione manjano. Ndani ilikuwa rangi ya chungwa, kali, yenye unyevu, ile niliyoipaka miaka kumi na minane iliyopita kwenye matunda yasiyo nayo. Nilifungua tyubu ya kadimiamu, ile ya rangi ya chungwa, ambayo huibana kwa uchoyo kwa sababu ya bei yake, nikaweka tone moja, nikalinganisha. Ilikuwa yenyewe.

Tatizo ni kwamba manjano ikikatwa inaanza kukauka. Jioni inakuwa imefifia, kesho yake ina ngozi juu. Kwa hiyo kila siku saa mbili na nusu nakata kipande chembamba, narudisha palepale kwenye alama ya chaki, nachora mpaka saa nne. Zambarau nimeshabadilisha mara mbili na msimu unaisha. Kipande cha manjano kimebaki na urefu wa kidole gumba. Nyeupe ya sahani bado ni mbichi. Leo asubuhi niliigusa, ikashika kidole.